Kompyuta Kumi na Mbili, Moja Inachelewa

Mhadhara kwa walimu wa kompyuta, mafundi na wenye sekretaria za mwambao wa ziwa, Gitaza



Niliombwa nizungumze juu ya intaneti mbovu. Nimeomba ruhusa niipunguze mada, maana intaneti mbovu ni malalamiko, na malalamiko hayana jibu. Swali ninaloweza kulijibu ni hili. Chumba kina kompyuta kumi na mbili. Zimenunuliwa siku moja, maboksi yana namba moja ya modeli, zimewekwa Windows ileile, zote zimeungwa kwenye swichi moja. Kumi na moja zinafungua ukurasa upesi. Ya kumi na mbili inasitasita. Fundi anaitwa, anafuta Windows, anaiweka upya, anachukua hela yake na kwenda. Kesho yake mashini inasitasita vilevile.

Niwaambie mapema ninachoamini, ili mnipinge vizuri. Mwenye kompyuta moja tu inayochelewa ana kazi ngumu. Mwenye kumi na mbili, moja ikichelewa, ana kazi nyepesi kuliko anavyodhani, kwa sababu anazo kumi na moja za kuziuliza. Kosa letu ni kumfungia mgonjwa chumbani na kumpasua peke yake, na wale wazima hakuna anayewapima hata joto.

Tuelewane kwanza juu ya kuchelewa kwenyewe. Kampuni za simu hutuuzia spidi, yaani megabiti ngapi kwa sekunde. Uchelewaji ni jambo jingine: ni muda wa pakiti moja ya data kwenda na jibu lake kurudi. Barabara yetu ya RN3 inalieleza jambo hili vizuri. Lori la mawese linalotoka Rumonge kwenda Bujumbura hubeba mzigo ambao pikipiki haiuwezi, lakini pikipiki hutangulia kufika. Zile kilomita zaidi ya 70 ni muda usiokwepeka. Hata barabara ikiwa tupu, utaulipa. Kisha kuna muda wa foleni. Mlima ukimeguka hapa Gitaza, kama mwaka 2015, mnaoukumbuka nyinyi kuliko mimi, lori na pikipiki vyote vinasimama, na Bujumbura haijasogea mbali hata hatua moja. Mtandao una muda wa njia na muda wa foleni, na dawa ya mmoja haimtibu mwingine.

Muda wa njia unakokotoleka kwa kalamu. Mwanga ndani ya waya wa nuru husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya zinadai milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za waya itakudai milisekunde 100 hata kama vifaa vyote vya njiani ni vipya. Wale waliotumia intaneti ya satelaiti kubwa za zamani, zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, walikuwa wanalipa karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Ndiyo maana kuja kwa nyaya za baharini kwenye pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, kulibadilisha hata namna watu wanavyozungumza kwa simu za intaneti. Ila hesabu hiyo haimhusu mgonjwa wetu. Kompyuta zote kumi na mbili ziko umbali uleule kutoka kwenye seva hiyo. Umbali hauwezi kuchagua moja na kuziacha kumi na moja. Mkilishika hilo, mmekwisha kuondoa nusu ya visingizio.

Chombo cha kupimia uchelewaji ni pingi, programu inayotuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu lake kurudi. Kiliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani jimboni Maryland, na alikiandika kwa jioni moja kwa sababu mtandao wa kazini ulikuwa unamsumbua. Jina alilitoa kwenye mlio ambao nyambizi hutuma majini na kusikiliza mwangwi wake. Muuss mwenyewe alisimulia juu ya fundi aliyeifanya kompyuta itamke neno hilo kwa spika kila jibu liliporudi, akaongeza sauti mpaka mwisho, kisha akazunguka jengo zima akitikisa vichwa vya nyaya kimoja kimoja mpaka sauti ilipokatika. Alipata waya mbovu bila kutazama kioo. Naipenda habari hiyo kuliko vitabu vingi vya mitandao.

Lakini pingi inayopigwa mara nne, kama Windows inavyofanya isipoambiwa vingine, haisemi kitu. Pigeni mia, pigeni mia tano. Na msiamini wastani. Tuseme majibu tisini na tisa yamerudi kwa milisekunde 0.3 na moja likarudi kwa 300: wastani ni kama 3.3, namba ya heshima kabisa, nayo inaficha hilo moja ambalo ndilo mtumiaji alilolisikia kama kusitasita. Tazameni jibu kubwa kuliko yote, na hesabuni yaliyopotea. Windows, kwa tabia yake, huandika kwamba jibu ni chini ya milisekunde 1 na kunyamaza. Kwa vipimo vya ndani ya chumba ni bora kuwasha Linux kutoka kwenye fleshi, nayo itakupa desimali.

Pimeni kwa kwenda mbali polepole. Kwanza kompyuta ijipime yenyewe, anwani 127.0.0.1, hapo hamna waya wala kadi, ni programu tupu. Kisha jirani yake kwenye swichi hiyohiyo. Kisha ruta. Kisha anwani iliyo Bujumbura, ndipo muende ng'ambo. Kila hatua ifanyeni kwenye mashini mbili kwa wakati mmoja, mgonjwa na mzima mmoja. Wakati mmoja, nasisitiza. Ukipima mgonjwa saa nne asubuhi na mzima saa tisa alasiri, umepima saa nne na saa tisa.

Mashini zote mbili zikiwa sawa mpaka kwenye ruta, kisha zote zikachelewa kwa pamoja, acheni kadi ya mtandao, haina kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na watu wa Afrika Mashariki wakakaa siku kadhaa na intaneti inayojikokota. Siku kama hizo kuna mafundi waliofungua kompyuta za watu kwa bisibisi. Kipimo kimoja kwa jirani na kimoja kwa ruta vingewaokoa wao na wateja wao.

Sasa tuseme tofauti imeonekana ndani ya chumba. Mzima anajibiwa na ruta kwa milisekunde 0.4, mgonjwa anarukaruka. Kabla ya kugusa chochote, itazameni namba yenyewe, kwa sababu ukubwa wake mara nyingi hutaja jina la ugonjwa. Kadi inayochelewa kwa sababu ya kulala na kuamka ili kuokoa umeme huchelewa kwa mikrosekunde, sehemu ya milioni ya sekunde, makumi au mamia yake, mwanadamu hasikii. Mkiona kuchelewa kunakoelekea milisekunde 100, uliza kama kweli mashini iko kwenye waya au imejiunga kimyakimya na Wi-Fi: ruta ya Wi-Fi kwa kawaida hutoa tangazo lake kila milisekunde 102.4, na kadi iliyolala husubiri tangazo ndipo ichukue pakiti zake. Mkiona 200 inayojirudia bila kupungua wala kuzidi, pengine programu mbili zinangojeana: Windows huweza kuchelewesha risiti ya pakiti kwa kiasi hicho ikitumaini kuituma pamoja na data nyingine, na Linux huanzia 40. Sekunde moja kamili, au tatu kwa mifumo ya zamani, ni ombi la kuunganishwa lililopotea na kutumwa tena. Sekunde tano kwenye Linux ni seva ya majina isiyojibu. Ni mara chache mojawapo ya hizi tatu za mwisho huponywa kwa kubadilisha kadi, na kadi nyingi nzima zimetupwa kwa ajili yake.

Basi ni wakati wa kubadilishana, na hapa ndipo kufanana kwa mashini kunalipa. Nendeni kwenye swichi. Chukueni waya wa mgonjwa na waya wa mzima, mzibadilishie matundu. Msiguse kitu kingine. Pimeni. Ugonjwa ukihamia kwa mzima, tundu la swichi ndilo lenye kesi. Ukibaki palepale, rudini kwenye meza na mbadilishe nyaya upande wa kompyuta. Ukihama, ni waya au kichwa chake. Ukibaki, ni mashini. Kwa hatua mbili, bila programu yoyote na bila kufuta chochote, mmejua mwelekeo. Mkibadilisha waya na tundu na draiva kwa mara moja na tatizo likaisha, mmefurahi bila kujua kwa nini, nalo litarudi.

Nyaya za mwambao huu zina mambo yake. Mtandao wa gigabiti moja hutumia jozi zote nne za waya. Wa megabiti 100 hutosheka na mbili. Mguso mmoja wa kichwa ukiliwa na kutu, na kando ya ziwa unyevu haulali, mashini mara nyingi haikatiki. Inashuka kutoka 1000 hadi 100 na kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo someni spidi ya kiungo kwenye kila mashini: kumi na moja zikisema 1000 na moja 100, mmemaliza kazi kwa macho. Madukani kuna waya wa bei nafuu ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Haukubaliki kwenye viwango vya mtandao, hukatika ukikunjwa, na hupoteza pakiti. Waya wenyewe hauchelewishi. Mita 100 za shaba, ambazo ndizo kikomo, hupitwa kwa nusu ya mikrosekunde. Kinachochelewesha ni kutuma upya kilichoharibika njiani.

Kuna ugonjwa mmoja wa zamani ambao pingi haiuoni, nao huwadanganya hata mafundi wazuri. Kadi na swichi hukubaliana zenyewe juu ya spidi na juu ya kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Makubaliano hayo yaliwekwa kwenye viwango mwaka 1995. Mtu akiingia kwenye mipangilio ya kadi na kuilazimisha megabiti 100, kusema na kusikiliza pamoja, swichi isiyopata mazungumzo hudhani inaongea na kifaa cha zamani na kuanza kusema kwa zamu. Pakiti ndogo ya pingi inapita salama. Anzeni kunakili faili kubwa na hapohapo kupiga pingi, ndipo mtaona majibu yakiruka na hesabu ya makosa ikipanda. Basi kila kipimo kifanyeni mara mbili, mtandao ukiwa kimya na mtandao ukiwa na kazi. Na neno kwa waliojifunza zamani kwamba kulazimisha spidi ni ustadi: siku hizi ni sumu. Acheni pande zote mbili zijadiliane.

Tumefika kwenye mashini yenyewe, na sasa niseme jambo linaloweza kuwaudhi wauzaji. Boksi linasema modeli, halisemi chipu. Kiwanda kinaweza kubadilisha chipu ya mtandao katikati ya mwaka, au kuendelea na chipu ileile ya toleo jipya, na jina la nje lisibadilike. Ndani ya orodha ya vifaa, kila kadi ina namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa na namba ya toleo. Ziandikeni kwa mashini zote kumi na mbili. Andikeni pia toleo la draiva na tarehe yake, na toleo la BIOS. Mara kwa mara mtakuta kwamba "zile zile" ni kumi na moja na moja.

Kisha fungueni mipangilio ya kadi kwenye mgonjwa na mzima, skrini mbili ubavu kwa ubavu, na msome mstari kwa mstari. Kuna ule wa kupunguza usumbufu: kadi badala ya kumshtua prosesa kwa kila pakiti huzikusanya kwanza na kumpa kwa mafungu. Prosesa hupumzika, pakiti husubiri. Kuna ule wa kuokoa umeme kwenye waya, uliowekwa kwenye viwango mwaka 2010, ambao katika nadharia huongeza mikrosekunde chache tu, lakini kadi fulani na swichi fulani hazielewani juu yake na kiungo hukatika na kurudi. Kuna ruhusa ya Windows kuizima kadi ili kutunza umeme. Kwenye kompyuta ya mezani iondoeni. Kwenye Linux chombo cha ethtool kitawaonyesha yote haya pamoja na hesabu za makosa. Mkibadilisha, badilisheni mstari mmoja, pimeni, andikeni.

Mkitaka njia fupi ya kujua kama ni chuma au ni programu, toeni diski ya mzima muiweke kwa mgonjwa, kama diski hazikufungwa kwa usimbaji. Mashini za aina moja zitawaka bila manung'uniko. Mgonjwa akipona, ugonjwa ulikuwa kwenye diski: draiva, programu ya kinga iliyowekwa mara mbili, masasisho yanayopakuliwa nyuma ya pazia. Asipopona, ni chuma. Jaribio hilo halimfai mwenye kompyuta za kuokoteza, kila moja na asili yake.

Lakini kufanana nako kuna balaa yake. Fundi aliyeandaa mashini moja vizuri na kunakili diski yake kwa nyingine zote amenakili pia kila kitu kilichoandikwa kwa mkono: anwani ya mtandao, jina la kompyuta, na pengine hata namba ya kadi ikiwa mtu aliibadilisha kwenye mipangilio. Mashini mbili zenye anwani moja hunyang'anyana majibu. Ruta humpa yule iliyemsikia mwisho. Kila mmoja hufanya kazi kidogo, hukwama, huamka. Ukizima mmoja, mwenzake anapona papo hapo, na ukiita fundi wakati huo hakuti ugonjwa. Dalili ni kwamba tatizo huja wakati chumba kimejaa na kuondoka jioni. Kabla hamjailaumu kampuni ya intaneti kwa "msongamano", orodhesheni anwani zote kumi na mbili kwenye karatasi moja.

Nitoke nje ya chumba kidogo. Septemba 2011 wanasayansi wa mradi wa OPERA, chini ya mlima Gran Sasso nchini Italia, walitangaza kwamba chembe za neutrino zilizotumwa kutoka maabara ya CERN, kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Ikiwa kweli, fizikia ya Einstein ilikuwa mashakani. Mwanzoni mwa 2012 walikuta kiunganishi cha waya wa nuru kwenye saa yao kilikuwa hakijakazwa vizuri. Kinachonivutia ni namna walivyothibitisha. Katika maabara hiyohiyo kuna kifaa kingine, LVD. Chembe za muoni kutoka angani hupenya mlima na kuvipita vifaa vyote viwili. Wakalinganisha saa za jirani mmoja na za mwenzake kwa miaka ya nyuma, na ikaonekana kwamba kuanzia 2008 mpaka mwisho wa 2011 saa za OPERA zilikuwa zimehama kwa takriban nanosekunde 73. Waya uliolegea ulikuwa umejificha miaka mitatu mbele ya wataalamu wenye vifaa vya mamilioni, na jirani ndiye aliyewapa tarehe ulipoanza.

Walimu waliniuliza kabla ya mkutano kama shule inunue kompyuta za aina moja au ichukue za msaada zinazopatikana. Mkiwa na uwezo wa kuchagua, za aina moja, hata zikiwa za zamani kidogo. Siku ya kuzifungua, kabla ya wanafunzi, pimeni kila moja: pingi mia tano kwa ruta, kimya na chini ya mzigo, jibu kubwa kuliko yote, pakiti zilizopotea, spidi ya kiungo. Andikeni namba za chipu, draiva na BIOS, na tundu gani la swichi lina waya wa meza gani. Vichwa vya nyaya vipeni alama pande zote mbili. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la swichi, nakala ikae kwa mkuu wa shule, kwa sababu fundi atahama. Na mashini moja kati ya kumi na mbili iwe ya mwalimu. Isiwekewe michezo, isisasishwe mpaka nyingine zimesasishwa na kukaa salama wiki moja. Siku mashini mojawapo ikianza kusitasita, hiyo ya mwalimu ndiyo mtaisogeza kwenye meza ya jirani, mkaziwasha mbili pamoja, na kuanza na 127.0.0.1.